Aliyeambiwa Amekula Sukari ya Kijiji

Ninyi mnaoanza kazi ya uuguzi sasa mna kashine kadogo kanakoenea kiganjani. Mnamchoma mgonjwa kidole, tone la damu linaingia, namba inajitokeza kabla hajamaliza kulalamika kwamba mmemuumiza. Ni jambo zuri. Sisi tulikuwa tunachemsha mkojo.

Msicheke. Ilikuwa kazi yenye ufundi wake. Una dawa ya buluu kwenye chupa. Unaimimina kidogo kwenye kichupa chembamba cha kupimia, unadondoshea mkojo matone machache, unakishika kwa kibano cha mti na kukipitisha juu ya taa ya spiriti huku unakitikisa. Usipotikisa, kitu kinaruka na kukupata usoni. Mdomo wa kichupa unauelekeza ukutani, siyo kwa mgonjwa wala kwa mwenzako. Kikichemka unasoma rangi. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikifika rangi ya chungwa, au ikawa nyekundu kama tofali la kuchoma, unavuta kiti na kukaa, maana mazungumzo yatakuwa marefu.

Aliyenifundisha hayo ni Bwana Hoza, mganga msaidizi wa zahanati yetu, kwenye kijiji kimoja juu ya Rangwi, milimani Usambara, miaka ile ya ujamaa. Alianza kazi kama dresa, mfunga vidonda, enzi za Mwingereza. Hakuwa mtu wa kusifia. Ukifanya vizuri alinyamaza, ukikosea alikuuliza swali. Siku moja mzee mmoja wa upande wa msituni alileta mkojo wake kwenye chupa. Nikauchemsha, ukawa mwekundu kweli kweli. Nilikuwa nimeshaanza kumtazama yule mzee kwa huruma, Bwana Hoza akauliza bila kuinua kichwa, "Hiyo chupa jana ilikuwa na nini?"

Nikamgeukia mzee. Mzee akajibu kwa fahari, "Asali. Lakini nimeisuuza."

Tukampa kikopo chetu, akaenda nyuma ya zahanati, akarudi. Buluu tupu. Kwa hiyo na ninyi, pamoja na kashine zenu, mwambieni mtu anawe mikono kwanza. Kama ametoka kula pichesi barabarani, kidole chake kitawadanganya.

Nataka niwasimulie habari za Yonatani, kwa sababu kila nikisikia vijana wanasema wananchi hawaelewi, namkumbuka yeye. Wananchi wanaelewa sana. Tatizo ni kwamba wanaelewa kwa kutumia vitu walivyonavyo.

Wakati ule, kwetu kule, ugonjwa wa sukari ulikuwa habari ya kusikia tu. Ulisemwa kuwa ugonjwa wa wafanyabiashara wa mjini na wa maofisa wanaoletewa chai mezani. Mtu anayelima mteremko tangu asubuhi, anayekula makande na magimbi, hakutazamiwa kuupata. Dalili zake watu walizijua vizuri kuliko jina lake: mtu anakonda, anakunywa maji kama ng'ombe, na pale anapokojoa sisimizi wanakusanyika. Ila maelezo yalikuwa yao. Wapo waliosema mtu huyo amerogwa, kuna anayemnyonya. Wengine walitafuta chochote kichungu, mshunga wa kuchemsha, shubiri, magome ya mkwinini, kwa hoja kwamba mwili umezidi utamu na lazima uongezewe uchungu mpaka usawazike. Ukiitafakari haikuwa hoja ya kijinga. Ilikosa tu kuwa kweli.

Na sukari yenyewe ilikuwa adimu. Ilikuja kwa gunia kwenye duka la kijiji, ikija, ikagawiwa kaya kwa kaya mabalozi wa nyumba kumi wakishuhudia. Kuna vipindi haikuja kabisa. Watu walikunywa chai kavu huku wanatafuna muwa pembeni.

Yonatani ndiye aliyekuwa muuza duka. Mkutano wa kijiji ulimchagua kwa sababu hakuwahi kugombana na mtu, na kwa sababu alikuwa mkimya, na watu hudhani mkimya ni mwaminifu. Kwake ilikuwa kweli. Alikuwa bado kijana wa makamo, ana mke na watoto, na aliimba besi kwenye kwaya ya usharika.

Alikuja zahanati asubuhi moja, suruali ameifunga kwa kamba kwa sababu mkanda ulikuwa haumfai tena.

"Shikamoo, Bwana Hoza."

"Marahaba. Umekuwaje?"

"Kiu. Nakunywa maji, namaliza mtungi, narudi kwenye kiu ile ile. Na miguu haina nguvu."

Hatukuhitaji kuulizana sana. Nilichemsha, na rangi ikapita kijani, ikapita njano, ikaenda moja kwa moja kwenye tofali. Bwana Hoza alivuta kiti. Akamweleza kwamba ni ugonjwa wa sukari, kwamba akishuka Lushoto hospitali watampa dawa ya sindano, na kwamba dawa hiyo ataitumia kila siku ya maisha yake.

Yonatani alikaza ile kamba ya suruali. Nilifikiri anaogopa sindano. Kumbe alikuwa ametutangulia mbali.

"Bwana Hoza," akasema, "ugonjwa huo hauna jina lingine?"

"Jina lingine la nini?"

"Mimi ndiye ninayekaa na sukari ya watu. Nikitoka hapa nikasema nina ugonjwa wa sukari, watasemaje?"

Bwana Hoza akamwambia aende Lushoto kwanza, majina yatafuata. Akaenda. Alirudi baada ya wiki chache, mwili umeanza kujaa, na chupa zake za dawa amezifunga kwenye kitambaa chenye maji. Hatukuwa na jokofu. Tulichimbia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, tukaweka dawa humo, kwenye kona ambayo jua halifiki. Baridi ya Usambara ilifanya kazi iliyobaki. Kila asubuhi alikuja, nachemsha bomba la kioo na sindano, namchoma. Baadaye nikamfundisha kujichoma mwenyewe. Alijifunzia kwenye peasi. Peasi ambalo halijaiva sana lina ukinzani kama wa ngozi, na halipigi kelele.

Wiki chache mambo yalikwenda vizuri. Kisha jirani mmoja aliyekwenda kuchota maji akaona sisimizi wamejipanga nyuma ya duka, mahali Yonatani alipozoea kujisaidia. Mtu mwingine wa kijijini alikuwa amelaza mtoto Lushoto, akasikia Yonatani anatibiwa nini. Habari hizo mbili zilipokutana, hakuna aliyehitaji ya tatu. Gunia la sukari lilikuwa limechelewa mno kufika, na sasa watu walijua lilipokuwa linapotelea. Sukari ya kijiji ilikuwa tumboni mwa Yonatani, na Mungu alikuwa ameamua kuionyesha kupitia mkojo.

Yonatani akaacha kuja zahanati.

Nilimfuata nyumbani. Mkewe alinifungulia mlango bila kuniangalia usoni. Yonatani alikuwa amelala, midomo imekauka, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva hadi yakaanza kuchacha. Harufu hiyo mkiisikia kwa mgonjwa wa sukari, acheni kila kitu. Wengine huidhani ni pombe. Mkewe mwenyewe alikuwa amemshutumu kwamba ameanza kunywa boha, ile pombe yetu ya miwa.

"Yonatani, sindano umeacha lini?"

"Waliposema."

"Utakufa."

"Nesi, kila asubuhi nikionekana naingia zahanati, ni kama nakiri. Nikifa watasema aliugua. Nikichomwa watasema mwizi anatibiwa."

Nikatoa sindano niliyokuja nayo. Bwana Hoza alikuja tukamhudumia pale pale, tukashinda naye, tukamnywesha maji kwa subira. Alipopata nafuu tulikubaliana kwamba nitakuwa namletea dawa nyumbani ndani ya kapu la mboga, nimefunika kwa majani ya maboga. Watu wakawa wananiona napita na kapu kila asubuhi. Naamini walidhani nimeanza biashara.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, mchana wa Jumamosi. Ajenda ilikuwa duka. Ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakuwaona vizuri waliokaa mbele, na hilo huwapa watu ujasiri wa kusema.

Aliyesimama kwanza ni Mzee Kaniki. Alikuwa mtu mwenye ulimi, anayesikilizwa.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na Yonatani. Nauliza tu. Mtu akila pilipili, hunuka pilipili. Akinywa boha, hunuka boha. Huyu mkojo wake una sukari. Sukari hiyo aliipata wapi, wakati sisi tunatafuna miwa?"

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Yonatani alikaa kwenye benchi mbele, mikono katikati ya magoti.

Bwana Hoza akaomba nafasi. Alieleza vizuri. Alisema ugali, viazi, magimbi, vyote vikiingia mwilini vinageuka sukari, na ndiyo nguvu tunayolimia. Akasema kwa mgonjwa huyu ni kama mfereji wa maji uliozibwa mlangoni mwa shamba. Maji yanafurika njiani, na mahindi ndani yanakauka. Ndiyo maana anakonda huku sukari inamwagika.

Nilidhani tumeshinda. Mzee Kaniki akasimama tena. "Ahsante, Mganga. Lakini hayo maji yaliyofurika yametoka kwenye chanzo. Na chanzo anacho nani? Si mwenye funguo za duka?"

Uwanja mzima ukaitikia. Nikaona Mwenyekiti anakuna kidevu, na nikajua anatafuta namna ya kusema maneno ambayo ameshayaamua.

Hapo akasimama Bibi Raheli.

Bibi Raheli alikuwa mjane, nyumba yake iko jirani na duka, alikaa na mwanawe Elia na mkwewe Marta. Alilima mahali padogo tu na alivaa kitenge kile kile. Kila mtu alijua kwamba hanywi chai. Alisema chai inamfanya akose usingizi, na mgao wake wa sukari alikuwa akimpa Marta apikie watoto uji.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "sisimizi wa Yonatani hawamfuati Yonatani peke yake. Nyuma ya nyumba yangu wapo tangu mwaka jana."

Watu wakageuka. Marta akamvuta kitenge, "Mama, kaa chini." Hakukaa.

"Nakunywa maji sana. Usiku naamka mara nyingi. Kidole changu cha mguu nilijikwaa tangu wakati wa kupalilia, hakijapona. Nesi, wewe una ile dawa ya rangi. Nipime hapa, watu waone."

Nilimtazama Bwana Hoza. Akamsogelea yule bibi, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ana hakika, maana majibu yakitoka yatatoka mbele ya kijiji kizima na hayatarudi ndani. Bibi Raheli akamjibu kwa Kishambaa kwamba amezeeka, si kiziwi.

Nikakimbilia zahanati kuleta vifaa. Bibi akaenda na wanawake wawili nyuma ya darasa, na kikopo nilichokisuuza mbele yao. Bwana Hoza aliwasha taa ya spiriti juu ya meza ya mwalimu. Kwanza alichemsha mkojo wa Mwenyekiti, ambaye alijitolea kwa kicheko kingi, ili watu waone buluu inavyobaki buluu. Ikabaki. Kisha wa Bibi Raheli. Watu walisogea mpaka nikahofia meza. Buluu ikawa kijani. Kijani ikafifia ikawa njano yenye tope, na hapo hapo ikashika rangi ya chungwa.

Nilisikia spiriti inavyowaka.

Ndipo Mzee Kaniki, ambaye kwa haki yake lazima niseme hakuwa mtu mbaya, akasema polepole, "Lakini Raheli hata chai hanywi."

"Sinywi," alisema Bibi Raheli, akaenda kukaa.

Mwenyekiti alifunga ajenda ya duka bila kupiga kura. Yonatani alinyanyuka pale kwenye benchi, akaenda aliko Bibi Raheli, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Bibi akamwambia aende akale, amekonda vibaya.

Siku nyingine, nikimfunga kidonda cha kidole, nilimwuliza kwa nini alijitoa vile mbele ya watu. Akaniambia alichoka kumsikiliza Kaniki. Sikuliamini jibu hilo, lakini ndilo nililopewa.

Yonatani aliendelea na duka kwa muda, kisha akalirudisha mwenyewe kwa mkutano, akashika jembe. Alisema amechoka kuangaliwa mdomo kila akipiga miayo. Aliishi miaka mingi. Macho yalimwishia mwishoni, kama yanavyowaishia wengi wenye sukari, na bado alisimama kwenye mstari wa besi kanisani akiimba kwa kukariri. Siku hizi mnawatuma wagonjwa wapimwe macho mapema. Endeleeni.

Ila msidhani mkutano ule uliwafundisha watu. Uliwafundisha kitu kimoja tu, kwamba ugonjwa wa sukari unaweza kumpata asiyekula sukari. Wakaenda nacho nyumbani na kukifanyia kazi. Kama Raheli hakuiba, na hakula, na nyumba yake imepakana na duka, basi jibu lilikuwa wazi: aliambukizwa na Yonatani.

Nililigundua hilo nilipokwenda kumwona bibi. Alikuwa amekaa upenuni peke yake, na kando yake kuna kikombe cha bati na sahani, vimewekwa juu ya jiwe. Vyombo vya wengine vilikuwa jikoni kwenye kichanja.

"Hivi vya nini hapa nje, Bibi?"

"Vyangu. Marta ameona ni vizuri nikae navyo."

Marta alitoka jikoni, akaniamkia kwa heshima zote. Hakuwa mkwe mkorofi. Alikuwa ana watoto wadogo na ana hofu. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa mate, si kwa choo. Akaitikia "ndiyo, Nesi" kwa kila sentensi, na mwishoni akaliacha jiwe na vyombo vyake vile vile.

Yonatani alisikia. Alikuja jioni ile ile nikiwa bado pale, Elia naye amerudi shambani. Yonatani akamsalimu bibi, akaomba maji. Bibi akamwonyesha kikombe. Yonatani akakichukua pale juu ya jiwe, akachota mtungini, akanywa nusu akimtazama Marta.

Marta akasema, bila ubaya, "Shemeji, lakini ninyi wawili mnao tayari."

Yonatani akabaki amekishika. Nikakipokea mimi, nikanywa.

"Nesi wewe una dawa," Marta akasema.

Sikuweza kujizuia, nilicheka. Bibi Raheli naye akacheka mpaka akakohoa. Elia hakucheka. Alikuwa mtu wa kusema mara chache, na siku yote ya mkutano sikusikia neno lake. Aliweka jembe chini, akachukua kikombe mikononi mwangu, akanywa maji yaliyobaki mpaka mwisho. Akakirudisha, siyo kwenye jiwe, akampa mama yake mkononi. Kisha akaingia ndani.

Marta alimchunguza mumewe msimu mzima. Alinieleza mwenyewe baadaye, tulipokuwa tumezoeana. Alisikiliza usiku kama ataamka kunywa maji. Alitazama mkanda wake. Kila asubuhi alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta sisimizi, na hakuwaambia watu anatafuta nini.

Mvua za vuli zilipoanza nilipita tena kuangalia kidole cha bibi, ambacho kilikuwa kinafunga vizuri kwa sababu alikubali kuvaa viatu. Lile jiwe la upenuni lilikuwa tupu, limelowa. Nilikaribishwa ndani kwa sababu ya mvua. Marta alikuwa anapakua uji. Vikombe vyote vya nyumba vilikuwa kwenye kichanja vimefunikwa kifudifudi, vya bati, vinafanana. Akanyoosha mkono akachukua kilichokuwa karibu, bila kutazama ni cha nani, akanimiminia.